Nimekuta RAM feki mbili ndani ya Pentium 4, hazina hata chipu moja!

#1 Bisibisi_Luthuli (mwanzisha uzi)

Wazito, habari za jioni. Naleta hii kama onyo kwa mafundi wenzangu, halafu mnisaidie swali moja.

Leo asubuhi ameingia mzee wa stika. Ana chumba River Road hapa Nairobi, anakata maandishi ya matatu na vibao vya maduka kwa mashine ya zamani. Mashine hiyo inataka programu ya zamani, na programu yenyewe haijawahi kusikia kitu kinaitwa Windows 10. Kwa hivyo mzee bado yuko na Pentium 4, Dell ya mnara, nyeusi, nzito kama gunia la makaa. Lalamiko lake: inakwamakwama. Nikamwambia usijali mzee, dawa yake ni RAM, ile memori ya kufanyia kazi.

Kufungua, nikakuta sloti nne. Mbili zina vijiti vizito vilivyovikwa bati la alumini, kitu sijawahi kushika tangu nianze kazi hii. Mbili zilizobaki zina vijiti vya kijani VITUPU. Hakuna chipu mbele wala nyuma, ni ubao na mistari ya shaba basi. Nikacheka kwanza, halafu nikamhurumia mzee wa watu. Kuna mtu alimuuzia RAM ya hewa na ameishi nayo miaka zaidi ya ishirini akidhani ziko nne.

Nikazitoa. Sasa mashine imekataa kuwaka. Feni inazunguka, inapiga bipu, picha hakuna. Nimefuta meno ya vile vijiti viwili vizima kwa kifutio, nimebadilisha betri ya BIOS, nimevihamisha sloti. Wapi! Nikajaribu DDR yangu ya zamani (RAM ya kawaida), nayo ina meno 184 sawasawa na hivi, lakini pengo la katikati halikubaliani na sloti. Mzee anarudi kesho saa nne na ana oda ya matatu mbili. Nimekosea wapi?

#2 dogo_Rongai

RAM bila chipu, hiyo ni kama chapati bila unga 😂 Fundi, hao waliouza hizo walikuwa wamesomea.

#3 Mwewe_Kariokor

Piga picha uweke hapa. Na usimwambie mzee kwamba ilikuwa inawaka kabla hujaigusa.

#4 Mzee_Transista

Mdogo wangu Bisibisi, weka hiyo bisibisi chini kwanza. Hakuna aliyeibiwa hapo. Hivyo vijiti vitupu ni halali na vina kazi. Virudishe ulivyovikuta na mashine itawaka. Jina lake ni C-RIMM. Hivyo vyenye bati ni RIMM, na memori iliyo ndani ni RDRAM ya kampuni ya Rambus. Umekutana na mabaki ya vita ambayo nyinyi vijana mlikuwa chekechea ikipiganwa.

Nieleze kidogo, maana mwaka 2001 nilikuwa naunga kompyuta katika duka moja Kimathi Street na hizi zilinitoa jasho.

RAM za siku zile, SDRAM, na hata DDR unayoijua wewe, zimekaa kwenye njia zake kama nyumba kando ya barabara. Nyumba moja ikibomolewa, barabara bado ipo na wengine wanapita. RDRAM haikujengwa hivyo. Fikiria bomba la maji la ploti linaloingia nyumba ya kwanza, linapita ndani yake, linatokea ukuta wa pili, linaingia nyumba ya pili, mpaka ya mwisho. Ishara inaingia upande mmoja wa kijiti, inapita kwenye chipu zote, inatoka upande wa pili kwenda sloti inayofuata. Mwisho kabisa kwenye bodi kuna rezista ndogo za kuimeza. Zisipokuwepo, ishara inagonga ukuta na kurudi kama mwangwi, na data inavurugika. Sasa wewe umeng'oa nyumba mbili katikati ya bomba. Kijiti kitupu ni kipande cha bomba tu, kazi yake ni kuunganisha. Ndiyo maana hakina chipu.

Na kwa nini viko viwiliviwili? Bodi yako lazima ni ya chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na memori) ya Intel 850. Ile ina njia mbili za RDRAM zinazofanya kazi sambamba, na kila njia ina sloti mbili. Kijiti kimoja cha PC800 kinapitisha biti 16 tu kwa wakati, lakini mara milioni 800 kwa sekunde. Hesabu inatoa GB 1.6 kwa sekunde. Njia mbili ni GB 3.2, na hiyo ndiyo hasa Pentium 4 ya kwanza ilikuwa na uwezo wa kumeza. SDRAM ya PC133 wakati huo ilikuwa na biti 64 lakini inatoa kama GB 1 tu na ushee. Kwa karatasi, Rambus walikuwa wameshinda kabla ya mechi.

Usiniulize kwa nini basi leo hakuna RIMM hata moja hapo Luthuli. Hiyo ni hadithi ndefu.

#5 Bisibisi_Luthuli

Mzee shikamoo. Nimesoma nikaketi chini.

Tatizo ni kwamba kijana wangu wa mkono alifagia duka saa tisa. Vile vijiti viwili vilikuwa kwenye karai la takataka za shaba. Mtu wa chuma chakavu amepita na mkokoteni wake.

#6 dogo_Rongai

😭😭😭

#7 Mwewe_Kariokor

Hao wa mkokoteni wengi huishia upande wa Gikomba na Kamukunji. Bodi za kompyuta wanaziweka kando, haziendi na vyuma vingine. Kimbia sasa hivi kabla hawajapima.

Mzee Transista, yeye akikimbia, wewe tumalizie hiyo hadithi ndefu. Mimi niko kwa foleni ya Jogoo Road na sina haraka.

#8 Mzee_Transista

Marahaba Bisibisi. Nenda, tutakuwa hapa.

Basi sikilizeni. Rambus ilianzishwa 1990 na mabwana wawili wa Marekani, Mike Farmwald na Mark Horowitz. Hawakuwa na kiwanda. Walichora, wakaandikisha hataza, wakakodisha michoro kwa wenye viwanda. Wazo lao lilikuwa jema: prosesa zinakimbia, RAM inakokota miguu, basi badala ya kupanua barabara tuifanye nyembamba lakini magari yaende kasi ya ajabu. Ilifanya kazi. Nintendo 64 ya 1996 ilikuwa na RDRAM, na PlayStation 2 pia, MB 32. Kwenye mchezo wa televisheni bodi ni moja, memori imechomelewa, hakuna fundi wa kuongeza wala kupunguza. Huko walikuwa nyumbani.

Intel wakaamua kuileta kwenye kompyuta za kila mtu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Chipseti ya 820 ilipangwa kutoka Septemba 1999 na bodi zenye sloti tatu. Siku chache kabla ya uzinduzi ikaonekana sloti tatu zinaleta makosa ya data. Wakaahirisha, ikatoka Novemba na sloti mbili. Halafu, kwa kuwa RDRAM ilikuwa ghali, wakatengeneza chipu ya mkalimani ili bodi ile ile ipokee SDRAM ya kawaida. Mkalimani naye akawa na kasoro. Mei 2000 Intel ikalazimika kuziita zile bodi zirudi. Watu wakaanza kusema maneno.

Na bei! Msione lile bati la alumini mkadhani ni urembo. Kwenye SDRAM chipu nane hugawana kazi ya kutoa biti 64. Kwenye RDRAM chipu moja inayosomwa hubeba mzigo wote peke yake, kwa hivyo inachemka. Bati ni la kutawanya joto. Chipu yenyewe ilikuwa kubwa zaidi, kuipima kiwandani kulitaka mitambo mipya, na juu ya hayo yote Rambus wanadai mrabaha. Wenye viwanda hawakufurahi hata kidogo.

Kuna kasoro nyingine wauzaji hawakuwa wakiitaja. Kwa kuwa chipu zimepangwa kwenye mstari, ya mbali hujibu kwa kuchelewa. Ili majibu yasigongane, za karibu zinalazimishwa kusubiri ya mbali. Kwa hiyo bomba lina nguvu sana likishaanza kutoka, lakini tone la kwanza linachelewa. Programu nyingi za ofisini hazihitaji mafuriko ya data, zinahitaji tone la kwanza lifike upesi. Nilikuwa na mashine mbili mezani, moja ya PC133 na moja ya RDRAM, na kwa mtu wa kuandika barua na hesabu tofauti pekee aliyoiona ilikuwa kwenye risiti.

Mpinzani akaja na ujanja rahisi kabisa. SDRAM ilikuwa inatuma data mara moja kwa kila mpigo wa saa. DDR inatuma mara mbili, mpigo ukipanda na ukishuka. Barabara ni ile ile ya biti 64, viwanda ni vile vile. PC2100 ikatoa GB 2.1 kwa sekunde. AMD wakaikumbatia mwishoni mwa 2000 kwa ajili ya Athlon, Intel wenyewe wakafuata muda si mrefu baadaye, na RDRAM ikaanza kuzikwa polepole.

Kisa changu: shirika moja lilileta mashine sita kama hiyo ya Bisibisi, wanataka RAM ziongezwe. Nilizunguka mji mzima, River Road hadi Westlands, sikupata hata moja. Tukaagiza Dubai. Zilipofika ni moja moja, si jozi, na mashine inataka jozi. Nimeota vijiti vya kijani mwezi mzima.

#9 Wakili_Mtaani

Mzee umeruka sehemu tamu. Rambus walikuwa wakikaa kwenye vikao vya JEDEC, lile baraza la kampuni zinazokubaliana viwango vya memori, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakatoka 1996. Kufika 2000 wakaanza kuwashtaki wenye viwanda wakisema hata SDRAM na DDR zinatumia hataza zetu, tulipeni. Wenzao wakapiga kelele: mlikuwa mnakaa nasi mezani mnasikia tunachopanga, huku mnaandika hataza chini ya meza! Tume ya biashara ya Marekani iliwakuta na hatia 2006, mahakama ya rufaa ikaibatilisha hukumu hiyo 2008, na mahakama ya juu ikakataa kuisikiliza 2009. Kwa hivyo katika kesi hiyo Rambus walitoka salama.

Lakini msiwalilie hao wenye viwanda. Wakati huo huo walikuwa wakipanga bei ya DRAM (chipu za RAM zote hizi) kwa siri kati yao. Infineon ilikiri na kutozwa dola milioni 160 mwaka 2004. Mwaka uliofuata Hynix milioni 185 na Samsung milioni 300. Micron ilisamehewa faini kwa kuwa iliwahi kusema. Kwa hivyo DDR "ya bei nafuu" iliyomshinda Rambus, sehemu ya wakati huo bei yake ilikuwa imepikwa chumbani.

#10 Mwewe_Kariokor

Kumbe ni kama SACCO za matatu. Wanapigania abiria stejini, jioni wanakaa pamoja kupanga nauli.

#11 Achieng_Seva

Habarini. Mimi nashughulika na seva, nataka kumwongezea mzee kitu. Watu husema Rambus walishindwa kabisa, lakini fungueni DDR3 muione. Zile rezista za kumeza mwangwi, kuanzia DDR2 ziliingizwa ndani ya chipu yenyewe. DDR3 ikaanza kupitisha njia ya amri kutoka chipu moja hadi nyingine kwa foleni, na kidhibiti kinapima ucheleweshaji wa kila moja kisha kuusawazisha. Hayo ndiyo mambo ambayo mzee ametoka kuyalalamikia. Na DDR5 imeigawa ile barabara ya biti 64 kuwa mbili za biti 32. Adui alifukuzwa mlangoni akaingizwa dirishani.

#12 Kichwa_Ngumu

Dada Achieng, hapo umegusa ninapopataka. Hoja ya "pana na polepole" dhidi ya "nyembamba na kasi" haikuisha na RDRAM. Kwenye mambo mengine nyembamba ndiyo iliyoshinda! Ile nyaya pana kama mkanda ya diski za zamani iko wapi? SATA imeiua, nayo ina nyuzi chache tu. PCI pana imeuawa na PCIe. Printa zilikuwa na ule mkia mnene, leo ni USB. Kwa hivyo Rambus walikuwa sahihi, waliwahi mno tu. Walikosea wakati.

#13 Achieng_Seva

Walikosea mahali, kaka, siyo wakati. Vyote ulivyotaja vinasafiri umbali. Waya wa SATA ni mkono mzima. Ukiwa na nyuzi 40 zinazokimbia pamoja umbali huo, kuzifanya zifike kwa wakati mmoja ni shida, afadhali nyuzi chache zenye kasi. Memori iko sentimita chache kutoka kwa prosesa, na kwayo kuchelewa kwa tone la kwanza, kama alivyosema mzee, ndiko kunakouma.

Na vita hivyo vimerudiwa juzi tu, tena karibu neno kwa neno. Mwaka 2011 Micron walikuja na Hybrid Memory Cube, HMC. Chipu za DRAM zimepandishwa moja juu ya nyingine kama ghorofa, chini kuna chipu ya kuongoza, na inazungumza na prosesa kwa njia nyembamba zenye kasi kubwa. Umeisikia hiyo hadithi mahali? SK Hynix na AMD wakaja na HBM. Nayo ni ghorofa, ila njia yake ina biti 1024. Elfu moja na ishirini na nne! Huwezi kuchora nyuzi hizo kwenye bodi ya kawaida, kwa hivyo ghorofa inawekwa milimita chache kando ya prosesa, vyote viwili juu ya kipande cha silikoni ambacho ndicho chenye nyuzi hizo. JEDEC waliipitisha kuwa kiwango 2013, na AMD wakaiweka kwenye kadi ya picha ya Fury 2015.

Fujitsu walitumia HMC kwenye kompyuta zao za FX100. Walipotengeneza prosesa ya Fugaku, ile iliyoongoza orodha ya kompyuta kubwa duniani Juni 2020, walikuwa wamehamia HBM2. Micron wenyewe waliacha HMC 2018. Pana imeshinda mara ya pili, na safari hii ushindi unatuumiza sisi hapa Nairobi.

#14 dogo_Rongai

Unatuumiza vipi tena? Mimi nataka tu kujua kwa nini DDR4 ya GB 16 niliyoulizia mwaka jana Moi Avenue leo pesa zile zile hazinipatii hata GB 8.

#15 Achieng_Seva

Ndiyo jibu hilo hilo, mdogo wangu. DRAM ya dunia karibu yote inatoka kwa watatu: Samsung na SK Hynix wa Korea Kusini, na Micron wa Marekani. Zamani walikuwa wengi. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika 2009, Elpida ya Japani 2012 ikanunuliwa na Micron. Sasa watatu hao wamepata mteja asiyeuliza bei, wale wa akili unde. Kadi moja ya H100 ya Nvidia, ya kuendeshea hiyo akili unde, ina GB 80 za HBM. Na kutengeneza HBM kunakula silikoni: Micron wenyewe wamesema biti zile zile ukizitengeneza kama HBM zinatumia karibu mara tatu ya silikoni ya DDR5. Sahani ni ile ile, mmoja amepakuliwa mara tatu, wewe unabaki kukwangua sufuria.

Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaacha kabisa kuuza Crucial kwa watu wa kawaida. Jina ambalo fundi yeyote hapa amelipachika kwenye laptopu ya mteja.

#16 Kichwa_Ngumu

Wachina wa CXMT, watengenezaji wa DRAM kule Hefei, watatuokoa.

#17 Wakili_Mtaani

Huyo naye akishiba atakaa kwenye ile meza ya kupanga nauli. Subiri.

#18 Mpwani_Pangani

Assalaam aleikum jamaa. Nimeusoma uzi wote, nimefurahi kuona watu wa bara mnaandika Kiswahili kinachosomeka (natania, msinipige).

Mimi nina kisa cha memori iliyoshindwa ambayo niliinunua kwa pesa zangu. Miaka michache nyuma nilinunua laptopu ya ex-UK katika duka moja mjini, kibandiko kinasema "RAM GB 24". Nikaona nimeokota dhahabu. Kufika nyumbani, Windows inasema GB 8. Nikarudi nimefura. Muuzaji akafungua, akanionyesha kikadi kidogo: hii hapa GB 16 nyingine, ni memori, imeandikwa memori. Kweli kimeandikwa Optane Memory. Nikaondoka na aibu yangu.

Baadaye nikajifunza. Intel na Micron walitangaza 3D XPoint Julai 2015. DRAM ni ya haraka lakini husahau umeme ukikatika, na kila kitone cha chaji lazima kiburudishwe mara nyingi kwa sekunde la sivyo kinavuja. NAND, ile ya SSD na flashi, haisahau lakini ni ya polepole na huchakaa kwa kuandikwa. Wao wakasema tumepata ya kukaa katikati: haisahau, ina kasi hadi mara elfu ya NAND, na inajaa biti mara kumi ya DRAM. Maneno ya uzinduzi hayo. Ilipofika dukani kasi ilikuwa nzuri kweli, hasa kwa vitu vidogovidogo, lakini mara elfu hatukuiona.

Na ya katikati ina shida ya mtoto wa katikati. Mwenye kutaka kasi ananunua DRAM, mwenye kutaka nafasi ananunua NAND, na hao wawili bei zilikuwa chini kwa kuwa wanauza kwa mamilioni. Micron walijitoa Machi 2021 wakauza kile kiwanda cha Utah kwa Texas Instruments. Intel wakafunga Julai 2022 na kufuta mali ya dola milioni 559 iliyolala ghalani. Kikadi changu ninacho bado. Nimekiweka kama diski ya kuanzia mashine ndogo ya kurekodi kamera za nyumbani. Stima ikikatika, na Pangani hukatika, haijawahi kuniharibikia hata faili moja. Kitu kizuri, basi tu kilikosa mume.

#19 Mzee_Transista

Mpwani, waaleikum salaam. Hapo kwa NAND ongeza kwamba nayo ilikuwa na nduguye wa kugombana naye, NOR, na wote wawili ni watoto wa mtu mmoja, Fujio Masuoka wa Toshiba. Intel walishika NOR, Toshiba NAND. Hao waligawana shamba bila kesi: ile chipu ndogo ya miguu minane inayobeba BIOS ni NOR, diski ni NAND.

Bisibisi yuko wapi? Ni saa nne usiku.

#20 Bisibisi_Luthuli

Nimerudi wazito. Miguu inauma.

Mtu wa mkokoteni nimempata nyuma ya Gikomba, kwa mpimaji. Akanionyesha gunia la bodi, akaniambia chagua mwenyewe. Nimechakura kwa tochi ya simu karibu saa nzima, watoto wa pale wakinishangaa. Kimoja nimekipata kizima. Cha pili nimekipata nusu. Mtu alikivunja apate kingine kilichokuwa chini yake. Nimenunua vyote viwili, nusu kwa bei ya kizima, hakutaka kusikia.

Nikirudisha hicho kimoja itawaka?

#21 Mzee_Transista

Haitawaka. Njia mbili, kila moja lazima ifike mwisho. Moja itakuwa imekatika.

Lakini ngoja. Kuna sanduku langu juu ya kabati ambalo mama watoto ameniomba nilitupe tangu enzi za Kibaki. Zile RIMM za Dubai, zilizokuja moja moja... zingine zilibaki. Niende nichungulie.

#22 Mzee_Transista

Ninazo mbili zinazofanana, MB 128 kila moja, PC800. Zako zimeandikwa nini kwenye bati?

#23 Bisibisi_Luthuli

PC800, 128MB, zote mbili!!

#24 Mzee_Transista

Basi huhitaji kijiti kitupu chochote. Jozi yako ikae ilipokuwa mwanzoni, jozi yangu iingie zilipokuwa zile tupu. Nyumba zote nne zina watu, bomba limekamilika, na mteja amepata RAM aliyoahidiwa. Tukutane kesho saa mbili asubuhi mbele ya Archives. Nitakuwa na koti la kahawia na gazeti. Pesa sitaki, nataka chai na mandazi mawili.

#25 Mwewe_Kariokor

Fundi umeponea kwa sindano. Tupe majibu kesho.

#26 Bisibisi_Luthuli

Saa nne kasoro robo asubuhi. Mzee Transista amekaa kwenye kiti cha mteja anakunywa chai na ameniambia nisibonyeze kwa kidole kimoja, nisukume pande zote mbili mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Zimeingia zote nne.

Nimewasha. Bipu moja fupi. Picha imekuja. Imehesabu memori mpaka 524288, imeingia XP, programu ya stika imefunguka. Mteja amefika, ameona MB 512, ameuliza kama nimemtolea zile mbili za kijani. Nikamwambia ndiyo mzee. Akasema vizuri, maana fundi wa kwanza alimwambia asiziguse kamwe na yeye hajawahi kujua ni kwa nini.

#27 dogo_Rongai

Na ile C-RIMM moja nzima umeiweka wapi?

#28 Bisibisi_Luthuli

Mzee ameitia mfukoni. Anasema ni malipo ya nauli.